Taa ya oili ikiwaka, zima injini: Kubadili sampu na pampu ya Land Rover kuukuu

Miongoni mwa mali ambazo askari hununua kwa kiinua mgongo chake, gari kuukuu la kazi lina mahali pake. Halina fahari ya magari mapya, lakini hubeba maharage, huleta karo ya shule, na usiku wa ugonjwa ndilo humfikisha jirani hospitalini. Kwa sababu hiyo, injini ya gari kama hilo si shauri la fundi peke yake. Ni shauri la nyumba nzima, kwa kuwa injini ikifa, mtaji umekufa nayo.

Tuchukue mfano wa jamaa moja ya sajini mstaafu wa Gitega, mji ambao tangu 2019 ni mji mkuu wa kisiasa wa Burundi. Wengi wenye magari ya namna hiyo watajiona ndani ya mfano huu. Gari lao ni Land Rover Series III ya fremu ndefu, yenye injini ya petroli ya silinda nne. Aina hiyo ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, na katika Afrika Mashariki iliunganishwa pia mjini Thika, Kenya. Polisi na majeshi ya nchi nyingi za Afrika waliitumia, na askari wengi walijifunza kuendesha wakiwa nyuma ya usukani wake. Si ajabu basi kwamba sajini aliipenda alipoiona ikiuzwa.

Kila juma yeye na mkewe huenda Muyinga, safari ipatayo kilomita 100 kupitia Karuzi. Huko hununua maharage na mahindi, wakaja kuyauza katika soko la Gitega. Faida si kubwa, lakini watoto wanne husoma kwa faida hiyo.

SAFARI YA KURUDI

Siku moja, mjini Muyinga, tairi la mbele lilitoboka. Kijana mmoja aliyekuwa karibu alijitolea kusaidia. Badala ya kuiweka jeki chini ya ekseli, mahali panapostahili, aliiweka chini ya sampu, yaani karai la chuma lililo chini ya injini, ambalo mafundi wengi wa Burundi huliita karteri. Gari likainuka, na chuma kikalia kidogo. Tairi likabadilishwa, watu wakashukuriana. Sajini aliinama kutazama, akaona hapana oili inayovuja. Akapima kwa kijiti, akakuta oili imejaa. Moyo wake ukatulia.

Gari lilipokwisha kuipita Karuzi, likiwa na magunia yake, taa ndogo ya oili ilianza kumetameta kwenye kona. Baada ya kilima kimoja ikawaka, haikuzimika tena. Aliyeiona kwanza ni mkewe.

"Baba, taa hiyo haikuwaka asubuhi."

"Ni waya tu, Mama. Oili nimeipima mwenyewe Muyinga, imejaa."

"Kama imejaa, taa inalia nini?"

Sajini alikuwa na sababu za kutotaka kusimama. Jua lilikuwa limeelekea magharibi. Petroli iliyokuwa ndani ya tangi ilikuwa imesubiriwa siku mbili kwenye foleni, kwani tangu 2021 uhaba wa mafuta umeikumba Burundi mara kwa mara, na mwenye kuipata petroli huiona kila lita kuwa ni ya dhahabu. Gitega haikuwa mbali tena. Alitaka kufika.

Mkewe akasema neno moja zaidi: "Mlipokuwa kambini, mlinzi wa zamu akipiga kelele usiku, mlikuwa mkimwambia anyamaze?"

Sajini hakujibu. Alilipeleka gari kando ya barabara, akazima injini. Usiku ukawakuta hapo. Lori lililokuwa likielekea Gitega liliwavuta kwa kamba, na malipo yake yalimeza faida yote ya safari hiyo. Asubuhi majirani walicheka: gari lina oili tele, nalo limevutwa kama ng'ombe mgonjwa! Lakini kilichofuata kilionyesha nani alikuwa na haki.

OILI HUFANYA KAZI GANI

Ndani ya injini, kranki huzunguka mara elfu kadhaa kwa dakika. Kranki hiyo hailali juu ya chuma kikavu. Kati yake na beringi zake hupita utando mwembamba wa oili, na utando huo ndio unaoubeba uzito wote. Kuusukuma huko ni kazi ya pampu. Katika Land Rover ya aina hii, pampu imefungwa chini ya injini, ndani ya sampu. Huivuta oili kupitia chujio la waya, huisukuma kwa giya mbili ndogo zinazosagana, huipitisha kwenye filta, kisha huipeleka katika beringi za kranki, katika beringi za kondrodi zinazoshika pistoni, na juu kabisa kwenye vali.

Presha ya oili ikipotea, utando hukatika, na chuma hugusana na chuma. Joto hupanda mara moja. Dakika chache zatosha kuyeyusha madini laini ya beringi. Zikiyeyuka, kranki huchubuka, kondrodi huanza kugonga, na mara nyingine hukatika ikatoboa ubavu wa injini. Hapo si shauri la kubadili kifaa tena, ni shauri la kutafuta injini nyingine.

Sasa, yawezekanaje oili ijae na presha ipotee? Kila mtu aliyewahi kunywa impeke kwa mrija katika chungu cha wengi anajua jawabu. Mrija ukigandamizwa kwenye sakafu ya chungu, mnywaji huvuta mpaka mashavu yakauma asipate kitu, ijapokuwa chungu kimejaa. Ndivyo ilivyokuwa. Jeki ilikuwa imeibonyeza sampu kwenda juu, hata sakafu yake ikakaribia kuliziba chujio la pampu. Injini ikizunguka polepole na gari likiwa tambarare, oili kidogo ilipita. Gari lilipobeba mzigo na kupanda vilima, pampu ilihitaji oili nyingi, nayo haikupata.

MASHAURI MATATU YA KUKATALIWA

Gari lilipofikishwa kwa fundi, marafiki walikuja na mashauri, kama ilivyo desturi. Mashauri hayo husikika katika kila gereji, kwa hiyo yafaa kuyajibu.

La kwanza lilikuwa kubadili swichi ya taa. Kweli, swichi huharibika. Lakini huwezi kumshtaki mlinzi kwa uongo kabla hujatazama nje. Fundi aliifungua swichi, mahali pake akafunga geji ya presha, akatoa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi bila kuwaka, kisha akaizungusha kwa stata. Mshale wa geji ulitikisika kidogo tu. Mlinzi hakuwa mwongo.

La pili lilikuwa kutia oili nzito zaidi. Oili nzito huweza kuipandisha presha katika injini iliyochakaa, ikaificha hali yake kwa muda. Lakini kama chujio limebanwa, oili nzito hupita kwa shida zaidi kuliko nyepesi. Hiyo ni dawa ya kumtuliza mgonjwa huku ugonjwa ukizidi.

La tatu lilikuwa kuifungua sampu peke yake, kuinyoosha kwa nyundo na kuirudisha. Shauri hili lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo hatari yake. Pampu iliyofanya kazi kwa njaa huenda imejikwaruza. Maadamu sampu imefunguliwa, hapana sababu ya kuiacha pampu bila kuikagua.

KAZI YENYEWE

Kazi hii haihitaji kuitoa injini katika gari. Fundi mzoefu huimaliza kwa siku moja, vifaa vyote vikiwapo. Mwenye gari na afuate hatua hizi, hata kama mikono itakayofanya kazi si yake.

Gari liwekwe mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yatiwe vizuizi, na waya wa betri ufunguliwe. Fremu ya mbele iinuliwe, ikae juu ya stendi za chuma au magogo magumu yaliyokatwa sawasawa. Ekseli itaning'inia, na nafasi ya kutoa sampu itapatikana. Mtu asiingie asilani chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, wala matofali yasitumiwe, kwa maana tofali hupasuka bila kutoa onyo.

Kwa kawaida oili humwagwa injini ikiwa na joto, ili itoke upesi pamoja na uchafu. Injini ya sajini haikuruhusiwa kuwashwa, kwa hiyo iliachwa itiririke usiku kucha. Asubuhi fundi alichukua oili kidogo kwa kitambaa cheupe, akaitazama juani. Vumbi jeusi ni la kawaida. Chembe zinazong'aa kama fedha au shaba ni habari mbaya. Zilikuwapo, lakini chache.

Bolti zinazoizunguka sampu hufunguliwa zote, zile za pembeni zikiachwa mwisho ili karai lisianguke usoni. Likigoma kwa sababu ya gasketi iliyoganda, ligongwe kidogo kwa nyundo ya mbao. Kuingiza bisibisi kati ya nyuso mbili za chuma ni kosa, kwa sababu kila kovu la bisibisi litakuwa mlango wa kuvujia.

Sampu ilipoteremka, kila mmoja aliona. Palipobonyea kwa nje, kwa ndani palikuwa na kilima, na juu ya kilima hicho palikuwa na alama iliyong'aa ambapo chujio la pampu lilikuwa likigusa. Waliokuwa wakicheka walinyamaza.

Pampu hushikwa na bolti mbili, zenye vibati vya kuzuia zisilegee. Vibati hukunjuliwa, bolti hufunguliwa, na pampu huteremka. Kijiti kinachoiendesha huteremka nacho, na hapana budi kukitia alama ili ncha ya juu irudi juu na ya chini irudi chini. Katika Land Rover hii giya ya juu inayoiendesha distributa hubaki mahali pake, kwa hiyo taimingi haivurugiki. Magari mengine si hivyo. Mwenye gari la aina nyingine atazame kitabu cha kiwanda kabla ya kufungua chochote.

Fundi aliifungua pampu juu ya gazeti safi. Giya zake zilikuwa na mikwaruzo inayoshikika kwa ukucha. Akaweka rula juu ya kinywa cha pampu, akapima kwa fila geji nafasi iliyo kati ya rula na giya. Nafasi hiyo hutakiwa kuwa ndogo mno, kiasi cha sehemu 5 hadi 12 za mia moja ya milimita. Ikizidi, oili hurudi nyuma ndani ya pampu badala ya kwenda mbele. Ilikuwa imezidi. Springi na gololi ya vali inayopunguza presha vilikaguliwa pia, kwani gololi ikikwama wazi kwa uchafu, presha hupotea vilevile.

BERINGI ZILITOA USHAHIDI

Kabla ya kutafuta pampu nyingine, fundi alifanya jambo ambalo wengi huliruka. Alifungua kifuniko cha kondrodi moja, akaitazama beringi yake, akakirudisha kifuniko kilekile kwa upande uleule, akakikaza kwa kipimo cha kitabu, kisha akaenda kwenye kinachofuata. Beringi nzima ina rangi ya kijivu iliyotulia. Rangi ya shaba ikitokeza, madini laini yamekwisha kulika.

Beringi zote nne zilikuwa za kijivu. Kranki ilikuwa laini kama kioo. Kilomita zile chache ambazo sajini hakuzimaliza ndizo zilizoiokoa injini. Hapo ndipo gharama ya lori, iliyomchoma moyo, ilipogeuka kuwa bei ndogo kuliko zote alizopata kulipia gari hilo.

Vipuri vya magari ya namna hii huingia Burundi kwa njia kadhaa, na kwa watu wa Muyinga njia iliyo karibu ni mpaka wa Kobero, unaopakana na Kabanga ya Tanzania. Vingine hutolewa katika magari yaliyokwisha kufa. Pampu kuukuu si haramu, lakini ifunguliwe na kupimwa mbele ya mnunuzi kama ilivyopimwa ile iliyoharibika. Muuzaji asiyekubali ipimwe amekwisha kusema thamani yake.

Ama sampu, iliyobonyea kidogo na isiyo na ufa huweza kunyooshwa. Ya sajini ilikuwa na viraka vya kuchomelea vya zamani, na matundu ya bolti yalikuwa yamevutika. Ikatafutwa nyingine. Iliwekwa juu ya kipande cha kioo kuona kama kingo zake zimelala sawasawa, ikaoshwa kwa mafuta ya taa, ikafutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

KURUDISHA NA KUWASHA

Pampu mpya haifungwi ikiwa kavu. Hujazwa kwanza oili safi na kuzungushwa kwa mkono, ili siku ya kwanza isivute hewa. Chujio lilale sambamba na sakafu ya sampu, na vibati vya bolti viwe vipya. Gasketi iwe nzima. Gundi ya silikoni, kama ikitumiwa, iwe nyembamba kama siagi juu ya mkate wa mtu bahili. Gundi inayofurika ndani hukatika vipande, na vipande hivyo huenda kuliziba chujio lilelile tulilotoka kulifungua.

Bolti za sampu zikazwe kwa zamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, mizunguko miwili au mitatu. Kukaza kwa nguvu zote huipasua gasketi na kuzipinda kingo. Nati ya kumwagia oili itiwe washa mpya ya shaba. Filta ibadilishwe. Injini hii huchukua lita 6 na kidogo katika sampu, na karibu lita moja zaidi kwa ajili ya filta, lakini mwamuzi wa mwisho ni kijiti cha kupimia.

Kisha ndipo ilipo subira. Injini isiwashwe mara moja. Plagi zikiwa bado nje, izungushwe kwa stata, au kwa hendeli ya mbele ambayo Land Rover hizi zimejaliwa kuwa nayo, mpaka oili ifike juu na taa izimike. Sajini aliizungusha mwenyewe kwa hendeli, jasho likimtoka, mkewe akiitazama taa kutoka kwenye kiti. Mkewe alipopaza sauti kwamba imezimika, plagi zilirudishwa na injini ikawashwa.

Ilipopata moto na kuzunguka mara 2,000 kwa dakika, geji ilitakiwa kuonyesha kati ya pauni 35 na 65 kwa inchi ya mraba. Ilitulia katikati ya vipimo hivyo. Fundi aliiacha geji mahali pake, akaiongezea taa kiungo chake ili vyote viwili vifanye kazi. Alikuwa na sababu: taa huwaka presha ikiwa imekwisha kushuka sana, bali geji huonyesha inapoanza kushuka.

KWA WALIO NYUMBANI

Kazi ya gereji huacha mabaki, na mabaki huja nyumbani. Oili chafu isiwekwe katika dumu lililokuwa la mafuta ya kupikia, hata kwa usiku mmoja, kwa kuwa mtoto au mgeni hasomi mawazo ya mwenye dumu. Isimwagwe mferejini wala karibu na kisima, maana maji ya mvua huichukua mpaka bondeni watu wanakoteka. Isipakwe kwenye kidonda cha mtu wala cha mnyama. Ihifadhiwe katika chombo kilichoandikwa, ipelekwe kwa fundi anayeikusanya. Mikono ioshwe kwa sabuni na unga wa majivu, kamwe si kwa petroli, ambayo hupenya ngozi na hushika moto.

Yafaa pia pawe na daftari la gari, na si lazima lishikwe na dereva. Katika nyumba ya sajini hulishika mkewe. Huandika tarehe, kilomita, oili iliyotiwa, na jina la aliyegusa injini. Ukurasa wa kwanza una maneno mawili yaliyopigiwa mstari: JEKI EKSELINI.

Mwenye gari akumbuke jambo moja kila asubuhi. Ufunguo unapofunguliwa, kabla injini haijawaka, taa ya oili hutakiwa kuwaka. Isipowaka, globu imeungua au waya umekatika, na mlinzi amelala. Injini ikiwaka, taa izimike. Ikiwaka tena safarini, kaa kando ya barabara, zima injini, uliza baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini ni ghali.

Juma lililofuata, Land Rover ya sajini ilishika tena njia ya Karuzi kuelekea Muyinga. Magunia yalikuwa matupu, yamekunjwa nyuma. Sajini alitazama barabara. Mkewe alitazama geji.